Nyumba Iliyopigwa Kalafati

Harufu iliyonirudisha utotoni ni ya pamba iliyolowekwa mafuta ya mawese. Nilikuwa nimesimama ufukweni Kalemie, viatu vyangu vya ngozi vimejaa mchanga, nikiwatazama mafundi wakiziba nafasi kati ya mbao za boti. Walisokota pamba, wakaichovya katika mafuta mekundu, wakaisukuma ndani kwa patasi na nyundo, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Kazi hiyo huitwa kalafati. Waliokuja kunilaki walidhani nalitazama ziwa. Mimi nilikuwa nanusa madirisha ya nyumbani kwetu.

Nitawaeleza, maana mmekaa kunisikiliza bila haraka, na mimi si mtu wa kuficha mambo yanayonipa sifa. Nimerudi na diploma mbili. Nimejenga nyumba ambayo madirisha yake ni mapana kuliko milango ya watu wengine, na hakuna mjomba wala mheshimiwa aliyenishika mkono. Lakini habari ya madirisha haikuanza na mimi.

Siku za Zaire tuliishi katika kambi ya wafanyakazi wa reli, pale mlima unapoanza kupanda na ziwa linaonekana lote. Baba alitengeneza mabehewa. Nyumba zilikuwa za zamani, kuta nene, madirisha ya vioo. Hapo mwanzo kioo kikivunjika, fundi wa kambi alikuja na kipya. Baadaye alikuja na pole tu. Mwishowe hakuja kabisa.

Mwaka mmoja dhoruba ya mwisho wa mvua ilivunja vioo vyote vya upande wa ziwa. Kapita, msimamizi wa kambi, alipita nyumba kwa nyumba akiwa amevaa kofia yake ya kazi. Vioo havipo tena, alisema. Kabla mvua hazijarudi, mafundi wake wataziba kila dirisha kwa matofali ya udongo na kuacha tundu la ngumi moja la kupitisha hewa. Majirani waliitikia. Walikuwa wamechoka kufukuza mbu kwa vikwembe, vitenge vya wake zao.

Mama yangu, aliyejulikana kambini kote kama Mama Kaomba kwa jina langu mimi mtoto wake wa kwanza, alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Hakusimama.

"Papa Kapita," alisema, "muntu wanamufungaga macho akisha kufa. Mimi niko muzima."

"Nyumba ni ya kampuni, Mama Kaomba."

"Na macho?"

Kapita akacheka kidogo, kwa pua. "Basi utafute vitre yako mwenyewe. Mafundi wangu wakifika na dirisha iko wazi, wataziba. Usiseme sikukuambia."

Vioo vilipatikana Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Aliyekuwa akivuka ni Papa Asukulu, Mbembe mwenye boti lake, mtu wa maneno machache na vicheko vingi. Mama alimpelekea zaire zake, pesa za wakati ule, zilizofungwa kwenye ncha ya kikwembe. Papa Asukulu alizitazama kama mtu anayetazama samaki wa juzi.

"Mama, hizi nikifika nazo kule, zitakuwa zimeshageuka majani. Bei ya Jumatatu haifikiagi Ijumaa. Leta kitu chenye kinaweza kukaa."

Kitu chetu kinachokaa kilikuwa kimoja: taa. Taa kubwa ya kupampu, ile ambayo wavuvi huitundika kwenye mtumbwi usiku wa giza ili ndagala, dagaa wa kwetu, wapande kuifuata. Mama aliirithi kwa kaka yake. Aliikodisha kwa wavuvi, nao wakamlipa kwa ndagala, na ndagala hao, wakishakauka na kuuzwa, ndio waliokuwa minerval yetu, ada ya shule. Kalamu yangu, sare yangu, kiti changu darasani, vyote vilinuka ndagala.

Baba aliweka kijiko chini. "Na masomo ya watoto?"

"Watoto wana mikono," mama alijibu. Baba akarudi kwenye ugali wake. Alikuwa mpole, na alijua mlima upi haupandiki.

Kwetu ziwani kila kitu kilipimwa kwa uzi wa pamba wa kusukia nyavu: nyavu zenyewe, milango, hata majeneza. Mama alipima madirisha kwa uzi huo, akapiga fundo kwenye kila pembe, akampa Papa Asukulu uzi pamoja na taa. Boti likaondoka. Nami nikaanza kubeba mizigo bandarini kila nilipotoka shuleni, mabega yakichubuka, ili nisifukuzwe darasani.

Vioo vilifika vikiwa vizima, vimelala katikati ya magunia ya mchele. Kambi nzima ilikuja kutazama. Mama alichukua cha kwanza kwa mikono miwili, akakisimamisha kwenye fremu. Kikapita upande wa pili kama barua inavyopita chini ya mlango. Papa Asukulu alikidaka kwa nje, na hiyo ndiyo bahati pekee ya siku ile.

Uzi ulikuwa umelowana njiani, ukakauka juani, ukajikunja. Fundi wa Kigoma alikata kioo kwa uzi mfupi. Hakuna mtoto wa ziwa asiyejua kwamba uzi wa pamba ukilowa hupungua urefu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka.

"Mama Kaomba," Kapita alisema mbele ya watu wote, "labda tupunguze nyumba." Watu wakacheka. Mafundi wake walikuwa tayari wanakanda udongo kwa jirani.

Mama alikitazama kioo, akalitazama dirisha. "Njo vile," alisema. "Tutapunguza."

Akamgeukia Papa Asukulu. "Boti yako njo ilinywesha uzi wangu maji. Uko na mbao?"

Alikuwa nazo, za boti kuukuu lililokufa ufukweni. Alizikata vipande vyembamba, akavipigilia ndani ya fremu kuzunguka kila kioo, kisha akaziba nafasi zote kwa pamba na mawese, akigonga patasi kama yuko ufukweni. Nyumba yetu ilinuka boti.

"Mama Kaomba, hiyo nyumba itaelea?" Kapita aliuliza kutoka barabarani.

"Ikielea, weye utabaki na matofali yako."

Mvua ya kwanza ilitoka ziwani na upepo wake. Matofali mabichi ya majirani yalilainika, yakaangukia vitandani. Kwetu hakuingia hata tone. Siku iliyofuata mke wa Kapita alikuja na ungo wake, akaomba kuchambua mchele kwenye mwanga wetu. Mama akampa kiti kizuri.

Miaka mingi nilisimulia kwamba mama yangu aliuza taa ili mimi nisome kwenye mwanga. Niliisimulia Lubumbashi, nikaisimulia Ulaya, na watu wakafuta machozi. Niliporudi, kwenye karamu ya kunipokea, nikaisimulia tena kwa sauti kubwa, mkono wangu begani mwake. Mama aliacha kutafuna.

"Kusoma gani?" alisema. "Weye ulisomaga kule gare ya treni, chini ya taa yao. Ningetaka usome, ningebakia na taa yangu. Nilitaka kuona ziwa."

Watu walicheka hadi sahani zikatikisika. Nilinuna, sikatai. Kisha nikayakumbuka mabega yangu ya bandarini, nikaelewa kitu ambacho diploma hazikunifundisha. Bei ya madirisha yale ilikuwa minerval yangu, na mama aliilipa akijua, bila kuniomba ruhusa wala radhi. Hakujitoa mhanga kwa ajili yangu. Alikataa giza kwa ajili ya macho yake mwenyewe, na mimi nikakua ndani ya nyumba ya mtu aliyekataa. Mwanga niliosoma nao ulikuwa wa gare. Kiburi cha kwenda kusoma pale, mbele ya wapita njia, kilikuwa chake.

Nilitaka kumwekea madirisha mapya ya alumini katika nyumba yake ileile ya kambi. Alinitazama kama alivyomtazama Kapita. Basi kila mwaka, kabla ya mvua, mimi mwenye diploma mbili nasokota pamba, naichovya katika mawese, na kugonga patasi, huku yeye amekaa ndani akinionyesha kwa kidole mahali nilipoacha tundu.