Mlango wa Dereva

Katika ofisi ya upimaji ardhi, ambako alikuwa amechora ramani kwa miaka ishirini na miwili, walimwita Bi Milimita. Mpaka wa kiwanja ukipotoka kwa upana wa ncha ya kalamu, hakupata raha mpaka urekebishwe. Nyumbani, mikono hiyo hiyo iliunda vifaru vya kivita vya plastiki, kila kimoja kikiwa kimepunguzwa mara thelathini na tano, na vipuri vilivyokosekana madukani alivitengeneza mwenyewe. Vifuniko vya siagi vilikuwa mabamba ya chuma. Kijiti cha plastiki, kikipashwa moto juu ya mshumaa na kuvutwa taratibu, kiligeuka uzi. Uzi nao ukikatwakatwa kwa wembe ulitoa vichwa vya bolti vidogo kama punje za chumvi.

“Wenzio wanalea wajukuu, wewe unalea vifaru,” dada yake alimtania.

Hakujali. Ila kifaru cha mwaka huu kilimkosesha usingizi, kwa kuwa kilikuwa cha Mjomba. Mjomba, kaka wa mama yake, alikuwa dereva wa kifaru ujanani. Tangu macho yake yazimike, miezi saba iliyopita, alikuwa hatoki chumbani, na akisemeshwa aliguna tu. “Yumo mle ndani, lakini hayumo,” mkewe alisema.

Basi Bi Milimita akapiga moyo konde: macho yakikataa, pengine vidole vitakubali. Alishuku, hata hivyo, kwamba anamfanyia ukatili mzee wa watu, kumkumbusha alichokwisha kupoteza. Na shaka hiyo haikumwacha hata siku moja kati ya miezi minne ya kazi. Alikuwa na picha moja tu: Mjomba kijana, amesimama kando ya kifaru kilichojaa tope. Kwa kuwa aina hiyo haikuuzwa popote, sehemu yote ya mbele aliijenga kwa kupima picha hiyo. Mlango wa dereva peke yake ulikuwa na vipande kumi na vitatu.

Jumamosi asubuhi akakipeleka.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba.”

Akamwekea mapajani. Vidole vya mzee vilipapasa minyororo, vikahesabu magurudumu, vikapanda mzinga. Vidole vikafika mbele, vikasimama, vikarudi nyuma, vikaja tena.

“Hiki cha nani?”

“Chako, Mjomba.”

“Changu wapi! Mlango wangu ulikuwa kushoto. Hapa ningekaa mapajani mwa mtu wa redio.” Akakisukuma pembeni, akageukia ukuta.

Bi Milimita alitoa picha kwenye mkoba, akaitazama kama mtu anayesoma hukumu yake. Mlango ulikuwa kulia, bila ubishi. Kisha jicho lake likatua kwenye mkono wa yule kijana.

“Mjomba, saa ulikuwa unavaa mkono gani?”

“Kushoto, kama watu. Kwani vipi?”

Pichani, saa ilikuwa mkono wa kulia. Aliyeisafisha filamu ile miaka mingi iliyopita aliigeuza, na yeye, kwa umakini wake wote, alikuwa amepima kinyume bila kukosea hata unywele.

“Picha iligeuzwa, Mjomba. Mimi mwenye macho yangu mawili nimekujengea kifaru cha kwenye kioo.”

Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika.

“Bi Milimita!” akalipuka kwa kicheko. “Leo umekosea kwa mita nzima!”

Mkewe alikuja mbio kutoka uani, mikono imejaa povu la sabuni.

“Gundi hii huyeyusha plastiki, vipande vikawa kitu kimoja,” Bi Milimita alisema, naye akicheka huku akijifuta machozi. “Siwezi kuubandua mlango. Itabidi niikate mbele yote, nianze upya.”

“Ukianza upya, na huo mpini wa mlango uuangalie. Umeuweka kama wa choo. Wangu ulipinda, niliupinda mwenyewe kwa goti.”

“Ulipindia wapi?”

Mzee alifungua mdomo, akaufunga, akachora kitu hewani kwa kidole, akasonya.

“Haielezeki kwa maneno. Hiyo meza yako ya kuundia iko mbali?”

“Nyumba ya tatu tu kutoka hapa.”

“Mke wangu, viatu vyangu viko wapi?”

Mkewe alisimama mlangoni, asijue acheke au alie. Kisha akapiga magoti, akaanza kuvitafuta uvunguni, maana kwa miezi saba hakuna aliyevigusa.