Kuku wa Mjomba na Mfalme wa Miaka Sita

Binti yangu alikuwa karibu kuupoteza ufalme alioujenga tangu likizo ianze. Nilimkuta sebuleni kwetu, mtaa wa Kasuku mjini Kindu, kompyuta mapajani, uso umemshuka.

"Mama, njo mwisho. Mfalme wangu amekufa. Mutoto wake ana miaka sita, na wakubwa wote wanataka kumuangusha."

Sikuujua mchezo ule wa kompyuta, nikamwomba anieleze polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Si mgumu. Unaongoza ukoo, si mtu mmoja. Mfalme akifa, unaendelea na mrithi wake. Kila mtu ana namba inayoonyesha anavyokupenda. Undugu huipandisha, dharau huishusha, na asiyekupenda hakuletei askari hata umpigie magoti.

"Mama ya mutoto anatoka wapi?" nikauliza.

"Kaufalme kadogo ka milimani. Kaka yake njo anatawala. Lakini anatuchukia, nilisahau kumualika kwenye mazishi."

"Basi huyo ni mjomba. Mupelekee mutoto amulee."

"Mutoto nimupeleke kwa adui? Ee mama!"

Ndipo nilipomsimulia habari ya kuku.

Wakati wa vita, mimi na mama tulitoka Kindu kwa miguu mpaka kijijini kwa mjomba wangu, upande wa Pangi. Nilikuwa na miaka tisa. Baba hakuwa amekwenda kumzika bibi, mzazi wa mama na mjomba, na mjomba alikuwa ameapa kwamba watu wa nyumba yetu hawatalala kwake. Alituona tukiingia uani. Akageuka, akafunga mlango. Hatukuwa na pengine pa kwenda.

Mama akaninong'oneza, "Kamata kuku."

Kwa watu wa mama, mtoto wa dada huchukua kuku wa mjomba bila kuomba. Mjomba akimnyang'anya, amemkana dada yake mbele ya kijiji kizima. Kwa hiyo nilimrukia kuku wa kwanza niliyemwona, nikamkumbatia. Kumbe alikuwa anaatamia! Mayai yakapasuka miguuni pangu. Mjomba akatoka na fimbo.

"Weye! Kuku wote hawa, umeona mwenye mayai tu?"

"Ni wangu, mjomba," nikasema.

Alinitazama, akamtazama mama. Fimbo ikashuka.

"Mupwa gani huyu, hajui hata kuchagua!" Akaanza kucheka, akaenda mwenyewe kumkamata jogoo mnene. Tulikaa kwake mpaka vita vilipoisha, na baba akaja kumwomba radhi.

Binti yangu akampeleka yule mfalme mdogo milimani. Namba ya mjomba, iliyokuwa nyekundu, ilianza kupanda, polepole, mwaka baada ya mwaka wa mchezo. Wakubwa walipoasi na kuuzingira mji wa mfalme wetu, binti yangu alifumba macho.

Mimi ndiye niliyeona kwanza. "Tazama kule juu!"

"Anakuja! Mama, mjomba anakuja!"

Alipiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. Jeshi dogo la milimani lilishuka likawapiga waasi mgongoni, mji ukasimama, na mfalme wetu akakua akavaa taji lake.

Asubuhi binti yangu alivaa viatu mapema.

"Naenda Mikelenge kwa mjomba," akasema. Huyo ni mdogo wangu wa kiume, anayefuga kuku nyuma ya nyumba yake.

"Uchague vizuri," nikamwambia.

Saa sita alirudi na jogoo kwapani, kichwa juu.