Ukurasa Unaofunguka kwa Mama

Ofisini wanamwita Nani-Kaandika, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kukusudia. Ni dada wa mume wangu. Tunafanya kazi chumba kimoja, juu ya duka la rangi za nyumba, ambako ukifungua dirisha unapata harufu ya tapentaini na ukilifunga unapata joto. Yeye hutengeneza tovuti. Mimi huandika maneno yanayosomwa humo: karibu, bonyeza hapa, samahani, kuna hitilafu.

Mafundi wenzake wakitaka kazi iende haraka huchukua vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na watu wasiowajua, wakavipachika kwenye kazi yao. Ndio utaratibu wa siku hizi. Hakuna anayefyatua matofali yake mwenyewe. Wifi hukigeuza kila kipande kama mtu anayechambua mchele. Nani kaandika? Anakaa wapi? Akichoka kesho, nani atakitunza?

"Wifi, hata mchumba hatumchunguzi hivyo," nilimwambia siku moja.

"Ndiyo maana mnaolewa vibaya."

Hakuwa ananisema mimi. Mume wake alikuwa mtu wa "hakuna shida". Umechelewa wapi? Hakuna shida. Mbona hupokei simu? Hakuna shida. Mpaka siku alipobeba sanduku lake akaondoka, hakukuwa na shida yoyote. Na kabla ya huyo, kazi ya kwanza ya wifi ilikuwa tovuti ya duka la samani. Alipachika humo kipande cha kuazima, na siku moja mwenye kipande akakiondoa huko alikokiweka. Kurasa zote za duka zikawa nyeupe. Yule mwenye kipande hakuna aliyemtafuta. Aliyefukuzwa ni wifi.

Tangu hapo anazipima lugha za programu kama tunavyopima majirani. PHP, ambayo vijana wanaicheka kama suruali ya babu, anaipenda. "Ni mgomvi, lakini matusi yake nayajua." Zile lugha kali zinazogoma kufanya kazi mpaka urekebishe kila kosa, anaziheshimu kwa mbali. Asiyoipenda ni JavaScript. "Ipe tatu iliyoandikwa kama neno, uiongezee tatu ya hesabu. Itakupa thelathini na tatu, inatabasamu. Haikwambii umekosea. Anayekubali kila kitu, wifi, huyo mwogope."

Kazi anayojivunia ni ukurasa wa kuchukua miadi ya kliniki katika hospitali kubwa ya mji. Aliuandika peke yake, bila picha na bila cha kuazima. Kila akibadilisha kitu humpigia simu mama yake, anayeishi upande wa pili wa mji na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka.

"Mama, umefunguka?"

"Umefunguka, mwanangu. Haraka kama umeme."

Hapo wifi hukata simu na kutuangalia sisi wengine kama wadaiwa.

Kisha akaja mkuu mpya wa kitengo. Ni mdogo kwetu sote, kwa hiyo tulimwita Mkubwa Mdogo. Ana adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomtia wifi wasiwasi. Alipomletea kiti kipya, wifi alikigeuza miguu juu kwanza. Haikupita muda Mkubwa Mdogo akasema ukurasa wa miadi uandikwe upya wote kwa JavaScript, ili vijana waweze kuutunza. Akaandika wa majaribio, akauonyesha. Ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo.

"Ukurasa wangu ukiondoka, nani atamhitaji fundi wa PHP?" wifi aliuliza mbele ya watu. "Nitapelekwa kupokea simu za wateja."

"Dada, hakuna aliyesema hivyo."

"Hakuna aliyesema. Ndiyo maana naogopa."

Mkubwa Mdogo alikuna kichwa. "Basi tuamueje?"

"Kwa simu ya mama yangu. Ukurasa utakaomfaa yeye, ndio ubaki."

Mama mkwe alikuja Ijumaa, simu ameifunga kwenye mfuko wa nailoni na mpira juu yake. Tukampa kile kiti kipya. Ukurasa wa wifi ulifunguka kabla hajamaliza kuvaa miwani. Wa Mkubwa Mdogo ulionyesha kiduara kinachozunguka, kikazunguka, kikazunguka.

"Hiki kinachozunguka ndiyo hospitali yenyewe?" mama aliuliza.

Watu walicheka. Wifi hakucheka, lakini mabega yake yalishuka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Umenishinda, dada," alisema Mkubwa Mdogo. "Mama, rudi kwenye ule wa kwanza. Sasa chukua miadi, kama unavyofanya nyumbani."

Kidole gumba cha mama kilisimama hewani.

"Nyumbani nafanya vizuri," alisema.

"Fanya tu, mama."

"Hapa pana joto."

Nilifungua dirisha. Harufu ya tapentaini ikaingia. Kidole kilikuwa palepale.

Wifi aliinuka taratibu. "Mama, nani alikupigia simu jana?"

"Wewe."

"Mwingine."

"Mwingine nani, mwanangu? Mimi napigiwa simu na nani?"

Wifi alimtazama Mkubwa Mdogo, akanitazama hata mimi, akitafuta aliyempanga mama akwame. Sikumlaumu. Mtu aliyezoea kutafuta mlango wa mwizi huanza na walio karibu.

"Miadi yako ya presha unaichukuaje?"

Mama aliiweka simu magotini. "Huwa anaenda jirani yangu, fundi cherehani. Ananipangia foleni hospitali, dirishani."

"Miaka yote hii? Mbona ulikuwa unaniambia—"

"Ulikuwa unaniuliza kama umefunguka. Umefunguka. Hukuniuliza kama nimeuelewa." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Na ulikuwa unafurahi."

Mkubwa Mdogo, ambaye angeweza kusema neno pale na likamfaa, alijishughulisha na waya wa feni. Nilifikiria maneno yangu yote yaliyokuwa kwenye ukurasa ule, na jinsi tulivyoulizana sana kuhusu nani kaandika. Nani anasoma, hilo halikuwahi kutoka mdomoni mwa mtu.

Wifi alivuta kigoda, akaketi chini kidogo ya mama yake.

"Nionyeshe unapokwama."

"Hapa, penye kisanduku. Kinataka namba. Niliogopa nikikosea namba, nitamtoa mtu mwingine kwenye nafasi yake."

"Huwezi kumtoa mtu, mama."

"Nitajuaje?"

Wifi alikitazama tena kile kisanduku. Aligeuka kwa Mkubwa Mdogo. "Kijana, njoo. Wewe pia ukurasa wako una kisanduku hiki hiki."

"Ninacho. Nilikinakili kwako."

"Nilijua," alisema wifi, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kufurahia kujua.

Walikaa hivyo mchana kutwa, mama katikati, mmoja kila upande, wakibishana kwa minong'ono. Kupokea simu za wateja hakukutajwa tena. Wala hakuna aliyeahidi kwamba hakutatajwa kamwe, na najua wifi analisubiri neno hilo mpaka leo. Aliyeambiwa angoje ni hospitali, mpaka kisanduku kirekebishwe.

Jioni nilileta chai. Wifi alimwekea mama yake sukari, akakoroga, akamkabidhi kikombe.

"Imetosha, mama?"

"Imetosha, mwanangu. Tamu kabisa."

Wifi alimtazama. Akakichukua kile kikombe mikononi mwake, akaonja, akanyoosha mkono nimpe kopo la sukari.