Mama Asichukuliwe Tena

Aalasi ndiye aliyekuwa mkalimani wa watafiti wa kifua kikuu. Kila walipotua kijijini, huko kaskazini kwenye barafu, na mashine yao ya picha za mapafu, yeye ndiye aliyeingia nyumba hadi nyumba, akinywa chai ya watu na kuwasihi wakapimwe. Wazee walioapa kutoisogelea mashine ya wageni waliisogelea kwa ajili yake. Hakuwa na mzaha na kikohozi cha mtu. Kikohozi cha nyumbani kwake kilikuwa jambo jingine.

Aliyekohoa ni Sarpinak, binti wa mwanawe Juupi, mtoto wa kung'oka meno ya utotoni. Alipewa jina la marehemu mama yake Aalasi, na kwa watu hawa jina halirudi peke yake. Mwenye jina hurudi nalo. Hivyo Aalasi alimwita mjukuu "mama", na mjukuu akamwita "mwanangu", tena kwa amri.

"Mwanangu, nivue viatu."

"Haya, mama. Mtu mzima hovyo, madimbwi yote ni yako?"

Mama yule wa kwanza alipakiwa melini Aalasi akiwa mdogo, akapelekwa kusini kutibiwa kifua, na hakuna aliyewahi kuambiwa alizikwa wapi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi watafiti walipokuja kiangazi hiki, Aalasi alimwambia Juupi ampeleke mtoto kambini mtoni, akale samaki na kupata hewa.

"Mama, si wewe unayewakataza watu kuficha?"

"Wale si mama yangu. Huyu wameshamchukua mara moja, inatosha."

Juupi akaenda kupakia mashua. Nani abishane na mtu juu ya mama yake?

Mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo hakikuingia, lakini kilipiga hodi. Maji yalipoanza kuganda kando ya mto, Juupi alirudi na mashua mbio, mtoto amelala kifuani pa mama yake, Maki, akitema damu.

Katika zahanati, daktari wa watafiti alitazama picha ya mapafu kwa muda mrefu. Kanuni ilikuwa kila jibu lisemwe kwa lugha ya wenyeji, na aliyeidai kanuni hiyo ni Aalasi mwenyewe. Akatafsiri: pafu moja limeharibika, ndege inakuja, mtoto atakaa kusini muda mrefu.

Daktari, asiyejua kuwa mtoto alifichwa, akaongeza jambo kwa huzuni.

"Anasemaje?" Maki akauliza.

Angeweza kulimeza. Hakulimeza.

"Anasema wangemwona walipofika, angetibiwa kwa vidonge, hapa hapa nyumbani. Siku hizi kifua kinachoanza hakimpeleki mtu kusini."

Juupi aligeukia ukutani. Aalasi, kwa sauti ndogo, akasema yeye ndiye atakayepanda ndege na mtoto. Safari hii mama yake hataenda peke yake.

Maki alimtazama kwa namna ambayo hakuwa amewahi kumtazama tangu aolewe.

"Mama mkwe, huyu si mama yako," alisema. "Ni mwanangu."

Pale kijijini hilo ni neno ambalo mtu hamwambii mwenzake hata wakigombana. Maki alilisema, kisha akaenda kumvika mtoto koti. Aalasi alibaki kitini analia, na daktari akawa anauliza ni nini kimesemwa.