Saa ya Baba Mkononi mwa Shemeji

Baada ya nikahi ya mdogo wangu, pale uani kwetu Likoni, Baba aliivua saa yake ya fedha akamvisha bwana arusi mbele ya wageni wote. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la biriani, nikageuka nalo kurudi jikoni.

Saa ile niliijua kuliko mtu yeyote nyumbani. Baba aliirithi kwa babake, na tangu utotoni mimi ndiye niliyeitia ufunguo asubuhi na kuisugua kwa kitambaa laini. Ndiyo iliyonipendesha saa za kale. Hata leo, nikishafunga kibanda changu cha leso Kongowea, hupita kwa wauza vitu vikuukuu nikazigeuza moja moja. Ya fedha haijifichi: hufanya weusi kwenye mikunjo. Iliyopakwa fedha juu tu, ukiitazama kingoni utaona shaba inachungulia. Mdogo wangu saa huitazama kwenye simu.

Miezi ikapita, shemeji akanijia nyumbani Kisauni.

"Shemeji, fundi mmoja kule Changamwe aniambia hii ni bati. Hebu nitazamie."

Akanipa mkononi, hivi hivi, kama mtu anayekupa ndimu. Niliipeleka dirishani. Uso wake ulikuwa wa kauri nyeupe, na ufa mwembamba karibu na namba tatu. Mishale ilikuwa ya buluu. Pale unapopita mkanda palikuwa na vishikizo vya waya vilivyolehemiwa, kama zilivyoundwa saa za mkono za mwanzo mwanzo. Kisha nikafungua kifuniko cha nyuma kwa ncha ya kisu. Miaka yote ile Baba hakuwahi kuniruhusu kukifungua. Ndani mlikuwa na chapa ndogo: simba anayetembea, mguu mmoja kauinua, alama ya Waingereza ya fedha halisi.

Wallahi, neno "bati" lilinifika kwenye ncha ya ulimi, ili aniachie.

"Ni fedha," nikamwambia. "Fedha ya kweli. Fundi wako hajui kitu."

Alicheka, kisha akaitazama kwa haya. "Basi naikae kwako. Mimi hata kuitia ufunguo nasahau."

Nilikuwa nimeishika. Ningefumba vidole tu. Lakini niliitaka itoke kwa Baba, si kwa huyu aliyeipata juzi akashindwa hata kuitunza. Nikamrudishia, nikamwambia aivae kila siku, maana saa ya ufunguo ikilazwa kabatini mafuta yake hukauka.

Ijumaa nilivuka kwa feri kwenda Likoni. Baba alikuwa barazani, kikombe cha kahawa mkononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona saa ulimpa yeye?"

Hakushtuka. "Yule hana baba. Siku ile alikuja na wajomba watupu. Nilitaka naye avishwe kitu na mzee."

"Na mimi je?"

"Wewe babako si mimi hapa?" Akanishangaa, kama niliyeuliza jua liko wapi.

Maneno yake yalikuwa ya haki, na ndiyo yaliyozidi kuniunguza. Yatima wa watu nilimwonea wivu kuliko hata siku ya arusi. Nikambusu Baba mkono, nikaingia ndani kumpikia.