Mstari wa Saa Moja na Nusu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu alinikabidhi funguo, nondo ya kugongea rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu, na kalamu nyekundu. Shule ilikuwa ndani vijijini huku Usukumani, mbali na mji mdogo wa Dutwa. Niliacha masomo darasa la tano wazazi walipofariki, nikalea wadogo zangu wanne. Uhudumu wa ofisi kwangu ulikuwa heshima kubwa.

Kalamu ilikuwa ya daftari la mahudhurio. Mwalimu akifika anasaini jina na saa. Ikifika saa moja na nusu, mhudumu anapiga mstari mwekundu. Atakayesaini chini yake amechelewa.

"Mstari hauna ndugu," Mkuu aliniambia.

Walipita wakuu watatu, sikuusogeza. Walimu wakaniita Mama Mstari.

Mkuu wa tatu ndiye aliyempokea Mwalimu Shabani kutoka Tanga. Alipewa darasa la kwanza, watoto wamejaa hadi mlangoni, hawajui Kiswahili, naye hajui Kisukuma. Nyumba ya mwalimu haikuwepo. Alipanga chumba kijijini, maji akichimba mchangani mtoni. Muhula wa pili akaanza kusaini chini ya mstari.

Asubuhi moja alishika kalamu bila kuandika.

"Mayu," alisema, neno letu la mama alilojifunza kwa watoto, "naamka mapema. Nakaa kitandani. Miguu inakataa."

"Mimi nilizika wazazi, kesho yake nikaenda kulima. Saini, mwanangu."

Akatabasamu kidogo, akasaini.

Alipotakiwa kujieleza kwa barua, aliandika sentensi moja: mhudumu anajua. Mwalimu Mkuu akaniita.

"Unajua nini?"

Nikafikiri, nikisema aliyoniambia watamwita kichaa, na wazazi watawatoa watoto darasani kwake. Nilidhani namsitiri.

"Ni maji, Mkuu. Mtoni kuna foleni."

"Maji tunachota wote," akasema, akafunga jalada.

Wiki iliyofuata Shabani hakuja kabisa. Tulimkuta chumbani, amekaa kitandani, amevaa viatu, hasemi. Kaka yake alikuja kumchukua. Nilimsindikiza hadi kwenye basi; nilipomwita, hakugeuka.

Nimestaafu na cheti cha uaminifu. Sijakitundika. Saa moja na nusu bado naijua bila saa, na maneno yake nayakumbuka yote. Leo ningeulizwa, ningeyasema. Mkuu yule alishahama, na aliyeshika nafasi yake hajui hata kwamba Shabani alifundisha pale.