Chungu Nilichokipitisha

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya vioo, kule Luzira, Kampala, Fundi Mkuu alinipa nyundo na vigae vya chungu kikuukuu. "Twanga mpaka viwe unga," akasema. Unga ule tuliuchanganya na udongo mpya ili chungu kisipasuke kikikauka. Nilitwanga mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kufinyanga.

Vyungu vyetu vilikuwa vya kuyeyushia chupa kuukuu. Tulivijenga kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, tukavikausha kivulini miezi mingi. Kabla ya kuingia tanuruni, kila kimoja kiligongwa kwa kidole. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti ya kufa.

Fundi Mkuu alipostaafu, nikapewa cheo chake. Chungu changu cha kwanza katika cheo hicho nilikigonga asubuhi, hakikulia. Meneja akaja.

"Mzee Ramadhani, kiko tayari?"

Niliona haya kuomba muda. "Kiko tayari, bwana."

Siku ya tatu tanuruni kikapasuka. Kioo cha moto kilimwagika miguuni mwa Opio, mchochea tanuru, mtoto wa askari kutoka kaskazini. Tulimkimbiza hospitali ya Mulago. Meneja aliponiuliza sababu, nilijibu, "Labda moto ulipandishwa haraka."

Nilisema labda. Ilitosha. Opio alifukuzwa kazi akiwa bado kitandani.

Mimi niliendelea. Sikupitisha tena chungu kibovu, na siku ya kuniaga vijana waliniita mwalimu, wakapiga makofi. Nilitazama chini. Ninyi mnaojifunza kazi hii mnaniuliza siri ya chungu kizuri. Udongo nitawafundisha. Hili la Opio ndilo nililoshindwa kulifundisha, kwa aibu.

Mwaka huu nilimtafuta, nikampata mtaa wa Nateete, anashona viatu mlangoni kwake. Anatembea kwa fimbo. Nilimweleza yote bila kukaa.

Aliweka kiatu chini. Kisha akasema, "Mimi niliamini, mzee. Miaka yote najiuliza moto ule niliukosea wapi. Hata watoto wangu niliwaambia kosa ni langu."

"Nisamehe, Opio."

Alimwita binti yake mkubwa kutoka ndani, akamwonyesha mahali pa kukaa.

"Mzee, mwambie na huyu," akasema. "Anza mwanzo."

Nikaanza mwanzo.